Mtetemo wa Mkono wa Fundi

Katika somo la kwanza huwaambia wanafunzi wangu waweke kalamu mezani na wasiguse kitu. Wengi huja darasani kwangu, hapa Manika, kwenye mji wa migodi wa Katanga, wakidhani brashi ya kompyuta ni uchawi wa watu wa mbali. Nawaambia wasiogope. Brashi ya kompyuta ni muhuri mdogo tu. Unapovuta kalamu juu ya tableti, programu inaugonga muhuri huo mara nyingi, mmoja ukikaribiana na mwingine, hadi jicho lako linaona mstari. Yanayobaki ni tabia za muhuri: unakuwa mnene lini, unafifia lini, unachukua rangi ya jirani au hauchukui, unakaa sawa au unatetemeka. Ukizijua tabia hizo, hakuna brashi itakayokushinda.

Mimi nina subira ya kueleza. Naweza kurudia jambo moja mara tano na nisichoke. Lakini kati ya tabia hizo kuna moja ambayo kwa miaka mingi niliieleza kwa uongo, mwanafunzi baada ya mwanafunzi, na uongo huo ulimhusu mtu aliyenifundisha kila ninachokijua kuhusu brashi ya kweli, ile yenye manyoya na mpini.

Sisi sote katika karakana ya rangi ya kampuni ya migodi tulimwita Fundi. Kulikuwa na mafundi wengine pale, wa kuchomelea vyuma na wa injini, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yule mwandika herufi. Aliandika namba za malori, mabango ya tahadhari, majina ya ofisi, na jioni akitoka kazini aliandika vibao vya watu binafsi huko Kapata, ambako sote tulikaa katika nyumba za kampuni. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke nilipowekwa chini yake. Nilikuwa nimeshapaka rangi kuta na mabomba kwa miaka minne, na nilidhani najua kushika brashi.

Siku ya kwanza alichukua gazeti kuukuu, akalilowesha kwenye ndoo, akalitandaza juu ya ubao. Akaniambia niandike herufi A juu yake kwa brashi bila kulichana. Nililichana. Akaleta jingine. Nililichana tena.

"Weye unapaka ukuta," alisema. "Ukuta haina maumivu. Hii iko na maumivu. Mukono ijue."

Nilichana magazeti wiki nzima. Wenzangu wa karakana walinicheka, wakasema Fundi amenifanya msomaji wa habari. Wiki ya pili herufi ilikaa na gazeti likabaki zima, naye hakunisifu. Alisema tu, "Sasa B."

Leo nikieleza shinikizo, hiyo tabia ya brashi kuwa nene unapoikandamiza kalamu na nyembamba unapoilegeza, nawaeleza wanafunzi habari za gazeti lililolowa. Wanaelewa haraka. Kwenye programu kuna mstari uliopinda unaoamua mkono uwe mzito kiasi gani kabla brashi haijajibu. Wanaoanza huuacha kama ulivyo. Nawaambia: upinde uufuate mkono wako, kila mtu ana uzito wake. Hayo pia ni maneno ya Fundi, ingawa yeye hakuwahi kuona kompyuta katika miaka hiyo.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Brashi zake zilikuwa safi kuliko vijiko vya nyumbani kwangu, lakini viatu vyake huwezi kusema vilianza na rangi gani. Hakunywa pombe hata tone, na vibao vizuri kuliko vyote vya baa za Kapata viliandikwa na yeye. Nilimuuliza siku moja kama dhamiri haimsumbui. Akaniambia, "Mi siandike pombe. Mi naandika herufi. Pombe bananunua ndani." Alituhubiria kila siku kwamba rangi haina haraka, ni mtu ndiye mwenye haraka, kisha saa sita ikilia alikuwa wa kwanza kutoka langoni, akitembea kama anayekimbizwa, kwa sababu mama yake mzazi alikaa nyumbani kwake na hakukubali kula mchana bila yeye. Mama yule alikuwa mzee, mdogo wa mwili, mkali. Mwanawe, fundi mkuu wa herufi, akichelewa alifokewa mlangoni mbele ya watu, na alisimama akisikiliza huku kofia ikiwa mkononi.

Alichukia uongo, ila mara moja nilimwona akiupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amemaliza kibao chekundu cha baa, na haraka akaanza kibao cha buluu cha kanisa kabla mizizi ya manyoya haijatoka rangi nyekundu yote. Buluu ikainywa nyekundu. Herufi zikawa na uzambarau. Padri alipokuja kuchukua kibao chake alifurahi sana, akasema Fundi amekumbuka rangi ya kwaresima. Fundi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Padri alipoondoka nilimtazama, akasema, "Padri amesoma kuliko mi. Nitamubishia ginsi gani?"

Kwenye programu tabia hiyo ni ya kuchanganya: brashi inayochukua rangi iliyo chini yake na kuiburuta hadi mahali pengine. Kuna kipimo cha unyevu. Ukikiweka juu sana kila kitu kinakuwa tope. Ukikiweka sifuri, rangi zinakaa kama watu waliokosana. Nawaambia wanafunzi waweke chini ya nusu, kisha wajaribu.

Kuhusu nafasi kati ya muhuri mmoja na mwingine, Fundi alikuwa na njia yake. Alikisimamisha kibao kando ya barabara, akavuka upande wa pili, akasubiri. Mama yeyote akipita na beseni lake kichwani, alimsalimu na kumuomba asome. Mama akisoma bila kupunguza mwendo, nafasi ni nzuri. Akisimama, Fundi alirudi na kurekebisha. Siku moja mama mmoja alisimama kabisa. Fundi akahuzunika. Mama akasema kwa heshima, kama kwa baba yake, "Herufi iko bien, iko muzuri, Tata. Ni mi sikujua kusoma, nasimama kuangalia tu." Fundi alikaa wiki nzima akirudia maneno hayo kama mtu aliyepewa medali.

Na alikuwa na fimbo. Ilikuwa fimbo nyepesi, urefu wa mkono, na mwishoni ameifunga kitambaa kama kichwa cha mwanasesere. Kitambaa kiliegemea ubao, na kifundo cha mkono wake kiliegemea fimbo, hivyo mkono ulikuwa na mahali pa kupumzika na mstari ukatoka umenyooka kama uzi. Katika programu kuna tabia ya kutuliza mstari, ambapo rangi haifuati ncha ya kalamu moja kwa moja ila inavutwa nyuma yake kama kwa kamba, na mitikisiko midogo inapotea njiani. Wanafunzi huipenda mno. Naieleza kwa fimbo ya Fundi.

Hadi hapo mwalimu ni mkweli. Uongo unaanzia kwenye mtetemo.

Inabidi nieleze mwaka mtetemo huo ulipotokea, kwa ajili ya wasiokuwepo. Kampuni ilikuwa inaanguka. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulikuwa umebomoka, malori yalisimama moja baada ya jingine kwa kukosa vipuri, mshahara ulikuja ukitaka. Na watu waliokuwa na njaa wakaambiwa na wakubwa kwamba wenye kula chakula chao ni majirani zao. Wenye asili ya Kasai warudi kwao. Fundi naye, watu walisema ni wa Kasai. Mimi nilimjua kuwa mtu wa Kapata. Lakini sikulisema hilo mahali popote pa kusikika. Mimi ni wa huku, watu wa nyumbani kwetu ni wa kaskazini ya Katanga, na mwaka ule kuwa wa huku kulikuwa kama kuwa na paa.

Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Familia zilitoka na magodoro, masufuria na cherehani, zikaenda kukaa kwenye uwanja wa stesheni kungojea treni ambazo hazikuwa na siku. Fundi alifukuzwa nyumbani asubuhi ya siku ya tatu. Mke wake, watoto na mama yake walitangulia stesheni na mizigo, na ndani ya mizigo ilikuwemo ile fimbo. Yeye alipita karakana kuchukua karatasi zake za kazi, kwa sababu aliamini bado kwamba mtu huondoka kazini kwa karatasi.

Shefu, mkubwa wa karakana, alinivuta pembeni. Aliniambia kiti cha Fundi sasa ni changu. Kisha akanipa ufunguo wa lango. "Kuko kibao moja hajamaliza. Amalize, njo umufungulie," yaani akimaliza ndipo nimfungulie.

Kibao chenyewe kilikuwa cha mahali pa kuoshea malori. LAVAGE, na chini yake ENGINS LOURDS. Malori hayakuwa yakitembea. Maji yenyewe yalikuwa yamekatwa. Hakuna mtu duniani aliyekihitaji kibao kile.

Nikamwendea Fundi na kumwambia. Alinitazama.

"Fungua tu, ndugu yangu," alisema. "Treni iko pale tangu asubuhi. Banapandisha bantu."

"Shefu alisema umalize."

"Na weye unasema nini?"

Nilisema, "Mi niko na ufunguo tu."

Alichukua brashi, akaandika bila fimbo. Mstari wa kwanza, LAVAGE, ulitoka safi, nikashangaa tena jinsi alivyoweza. Alikuwa kwenye herufi ya kwanza ya mstari wa pili, ile E, treni ilipopiga honi. Iliita kwa muda mrefu. Mkono wake ulitetemeka, lakini hakuuondoa ubaoni. Aliendelea, na honi ikaita tena, na herufi zote zilizofuata, hadi S ya mwisho, zina mtetemo mdogo pembeni, kama jani la mhindi kwenye upepo hafifu. Alipomaliza aliosha brashi, akaifuta, akaiweka mezani mbele yangu. Nilifungua lango. Alienda kwa ule mwendo wake wa saa sita. Treni ilikuwa imeshaondoka.

Nilipata kiti chake. Kilidumu miezi saba, kisha karakana ikafungwa.

Miaka ikapita, nikafika kwenye kompyuta kwa njia ya mtaa: kwanza kuchapisha kadi za harusi, kisha mabango ya makanisa, kisha picha. Nilipojifunza kutengeneza brashi zangu mwenyewe nilikumbuka kwamba kile kibao ninacho. Nilikuwa nimekichukua karakana ilipofungwa, kisha nikakigeuza uso ukutani nyumbani. Nilikipiga picha, kila herufi kwa ukubwa wake. Mstari wa juu haukunisaidia. Ulikuwa safi mno, hauna tofauti na wa mashine. Mstari wa chini ndio ulikuwa na uhai. Nilichukua muhuri kutoka kwenye mguu wa E, nikapima mtetemo wa kingo, nikauingiza katika tabia za brashi: ncha isogee kidogo kulia, kidogo kushoto, bila mpango, na zaidi mstari unapokuwa mrefu. Nikaiweka mtandaoni bure. Watu wa nchi nisizozijua wakaipakua. Waliniandikia kwamba haijapata kutokea brashi yenye mkono wa mtu ndani yake namna ile. Kutokana na hiyo nikapata jina, na kutokana na jina nikapata wanafunzi.

Na kila darasa mmoja huuliza: Mwalimu, huu mtetemo umetoka wapi? Nami nilijibu kwa sauti yangu ya subira kwamba ndio utamu wa mkono wa wazee, kwamba mafundi wa zamani waliandika hivyo, kwamba ni mtindo. Nilimfanya mtu aliyeandika kama uzi kuwa mtu wa kutetemeka, na hilo nikaliita heshima.

Kisha nikasikia kwamba Fundi amerudi. Wengine walikuwa wakirudi, taratibu, mmoja mmoja. Aliishi Dilala kwa mtoto wake wa kike. Kutoka kwangu ni safari fupi ya taxi-moto. Kwa miaka mitatu, nikiwa na kazi Dilala, nilimwambia mwendesha pikipiki apite njia ya nyuma, nikisingizia vumbi.

Aliyenimaliza ni mjukuu wake. Alikuwa msichana wa chuo, anachora vitambaa, na alikuwa ameipakua brashi yangu kama wengine. Alinitumia ujumbe wa adabu kabisa: "Tata mwalimu, nilimuonyesha nkambo yangu. Anauliza ni nani alikupa mukono yake. Anasema ukuye."

Nilienda Jumapili mchana. Nilibeba tableti, na kile kibao nikiwa nimekifunga kwa shuka. Fundi alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, nywele zote nyeupe, viatu safi. Sikujua nimsalimu vipi. Nilipiga magoti kidogo kama tunavyofanya kwa wazazi.

"Simama, utachafua suruali," alisema. "Umekuwa munene. Njo kazi ya kuikala kwa kiti hii?"

"Ndiyo, Fundi."

"Onyesha."

Mjukuu alileta stuli na meza ndogo, akakaa karibu yetu. Nilifungua tableti, nikampa kalamu. Hakuichukua. Alitaka nichore mimi, na nieleze. Nilianza na muhuri, nikaenda kwenye nafasi, nikaenda kwenye shinikizo. Alinisimamisha pale, akaniambia nifanye tena, polepole. Nilikandamiza, nikalegeza. Aliinamia kioo hadi pua ikakaribia kugusa.

"Hapa umefanya muzuri," alisema. "Hii inajua gazeti."

Sijui kama kuna sifa iliyowahi kuniumiza vile. Ndipo nikafungua shuka, nikasimamisha kibao mbele yake. Alikitazama bila haraka. Akanyoosha kidole, akapita juu ya mstari wa kwanza, akashuka kwenye wa pili, kidole kikasimama kwenye E.

"Mama aliingia kwa hii treni," alisema, kama mtu anayeonyesha mahali kwenye ramani. "Bibi yangu na batoto nilibakuta kule mbele, kisha ya miezi mbili. Mama hapana. Alikufa njiani, banamuzika pembeni ya reli. Bibi yangu alikuwa na mutoto mugonjwa mu mikono, hakuona jina ya pahali. Mi nilishuka kila stesheni ndogo kuuliza. Bananiambia, Tata, hapa tunazika wengi."

Sikuwa nimejua. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiambia kwamba alipanda treni nyingine, kwamba alichelewa tu.

"Fundi, hii brashi nitaitoa," nilisema. "Nitaifuta leo."

"Utafuta kwa bantu wote benye kuwa nayo?"

"Siwezi."

"Sasa unafuta nini?"

Niliomba msamaha. Nililisema neno lenyewe, kwa kifupi. Alikuwa akiangalia tableti bado. Kuku alipita chini ya kiti chake, akamsukuma kwa mguu.

Mjukuu hakuwa amezipata habari zote. Alijua kwamba walifukuzwa, alijua mama wa nkambo wake alifia njiani, lakini kibao hakukijua, wala mimi hakunijua zaidi ya jina la mtandaoni. Alikuwa ameishika kalamu, amechora mstari mrefu kwa brashi ile, na sasa aliutazama ukitetemeka kuelekea mwisho. Alianza kuuliza kwa ile heshima ya mwanafunzi mzuri, akimgeukia babu yake.

"Nkambo, mustari ya juu ni laini kabisa. Ya chini inatetemeka juu ya nini, ni sababu gani?"

Fundi aliegemea nyuma. Hakukasirika, hakutabasamu. Alininyooshea kidevu.

"Muulize mwalimu," alisema. "Yeye njo anajua kueleza."

Msichana akanigeukia, akaweka kalamu mezani, akasubiri kama wanavyosubiri wote. Jibu la zamani lilikuwa tayari mdomoni, laini, limezoea njia. Fundi hakunitazama. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza, kama alivyokuwa akisubiri upande wa pili wa barabara.

"Siku ile kulikuwa na treni," nilimwambia msichana. "Na mi njo nilimuzuia asiende."